Nyumba moja, watu wanne wa umri tofauti, na hakuna anayefanya mazoezi. Kichwani kuna nini?

Dada wa Kinyerezi (mwanzisha mada)

Habarini wana jukwaa. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo linaloninyima raha.

Naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, na mume wangu, watoto wawili, mama yangu mzazi na mdogo wangu wa kike. Mama ana miaka 68, mume 51, mimi 42, mdogo wangu 24. Mama ana sukari na presha. Mume presha imeanza kumpanda. Mimi mgongo unaniuma kwa kukaa ofisini kutwa, na mdogo wangu kila akivaa nguo analalamika imembana. Kila mmoja ameshaambiwa na daktari, au anajua mwenyewe, kwamba mwili unataka kutumikishwa. Na hakuna anayeutumikisha.

Ningeona ni uvivu nisingeandika hapa. Mama yangu hajawahi kuwa mvivu. Baba alipokuwa hai walikaa Korogwe, mama akiamka alfajiri, shambani kwa miguu, anarudi na kuni kichwani, jioni anatwanga. Baba alipofariki nikamleta kwangu ili naye apumzike. Msichana wa kazi anafua, anapika, anadeki. Mwaka jana mama aliteleza kwenye marumaru za bafuni. Hakuvunjika, kiuno kiliuma wiki chache kikapoa. Tangu hapo anatembea akipapasa ukuta, na muda mwingi yuko kwenye kochi. Nikimwambia twende tukazunguke mtaa kidogo ananijibu, "Mwanangu, mimi nimelima miaka yote ile, mazoezi ya nini tena?"

Mume wangu alikuwa beki mzuri ujanani. Alijiunga na timu ya maveterani ya mtaani, akachanika msuli wa nyuma ya paja, na sasa anasema atarudi uwanjani akishakuwa fiti. Namuuliza atakuwaje fiti akiwa amekaa. Kutembea hataki, anasema kutembea ni kwa mtu aliyekosa nauli.

Mdogo wangu alikuwa anakimbia asubuhi mpaka karibu na njia panda. Pale kuna kijiwe cha bodaboda. Wakaanza kumsindikiza kwa maneno, siku moja mmoja akatoa simu akamrekodi kwa nyuma. Akaacha. Sasa anasema ataanza tena akishapungua kidogo.

Na mimi naamka saa kumi na nusu alfajiri, foleni ya kwenda, foleni ya kurudi, nafika saa mbili usiku. Nikijitengea hata nusu saa naona nimewaibia watoto. Mwaka jana nilijitahidi nikapungua, kazini wakaniuliza kama naumwa, na shangazi akamwita mume wangu pembeni kumuuliza kuna ugomvi gani ndani.

Sihitaji ratiba ya mazoezi, hizo nimejaza simu nzima. Nataka kuelewa. Kwa nini watu wanne wenye njia ileile mbele ya geti wanashindwa kutoka, kila mmoja kwa sababu yake? Na je, umri unabadilisha kile kinachomzuia mtu?

Jembe la Ubungo

Dada, tusitafute mbali. Ni nidhamu. Mimi saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, mvua au jua. Mtu akitaka ataweza, asiyetaka atapata sababu. Mama mwache, umri umekwenda, hao wengine ndio wa kuwasukuma.

Mfiziotherapia wa Moshi

Dada pole na majukumu, na asante kwa swali lililoulizwa vizuri. Nafanya kazi ya fiziotherapia huku Moshi, na wengi ninaowahudumia ni rika la mama yako. Nimeandika kirefu, mnivumilie.

Ndugu yangu wa Ubungo, nidhamu ipo na nakupongeza kwa hiyo yako. Lakini mwanamke aliyeamka alfajiri kwenda shamba maisha yake yote huwezi kumwambia hana nidhamu. Na hilo la "mama mwache" nalipinga kwa nguvu zangu zote, maana ndiye mwenye kupoteza zaidi akiachwa.

Kliniki huwa simuulizi mzee kwa nini hafanyi mazoezi. Swali hilo linamfanya ajitetee, na mzee akianza kujitetea mbele ya mtu wa umri wa mwanawe mazungumzo yamekufa. Namuuliza hivi: mama, ukisimama sasa uende mpaka pale mlangoni bila kushika kitu, unaona nini kitatokea? Hapo ndipo maneno yanatoka. Mmoja ataniambia goti litamkimbia. Mwingine kizunguzungu. Mwingine ataniambia habari za jirani aliyeanguka, akavunjika nyonga, akalala, hakuinuka tena. Miguu yake inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kabisa, lakini anaiona nyonga ya jirani kila anapotaka kusimama.

Hofu hii ina kipimo chake. Mwaka 1990 daktari wa wazee kule Marekani, Mary Tinetti, na wenzake walitoa maswali kumi ya kumuuliza mzee ana uhakika kiasi gani kwamba hataanguka akioga, akinyoosha mkono kwenye kabati, akiingia na kutoka kitandani, akivaa, akienda kufungua mlango. Humo hamna swali la kukimbia wala kupanda ngazi za uwanja. Ni mambo ya ndani ya nyumba tu, kwa sababu huko ndiko hofu inakoanza kumfunga mtu. Na haifuati ukubwa wa ajali. Wapo walioanguka vibaya wakaendelea na maisha, na wapo ambao hawajaanguka hata mara moja lakini hawatoki chumbani.

Mama yako anapapasa ukuta. Hiyo ni dalili ninayoiona karibu kila siku ya kazi: hatua zinakuwa fupi, macho yanatazama vidole vya miguu, mwili unakakamaa. Akiogopa anakaa. Akikaa, misuli ya mapaja inapungua na mwili unapoteza ule wepesi wa kujisawazisha. Siku simu ikiita chumbani na akanyanyuka haraka, anayumba kweli, na hofu yake inapata ushahidi. Kwa hiyo ukimwambia "mama usiogope" humsaidii, kwa sababu sasa ana sababu ya kuogopa.

Imani inarudi kidogo kidogo, na kuna njia zinazojulikana. Albert Bandura, mwanasaikolojia, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" inatoka sehemu nne. Ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni kulifanya jambo lenyewe likafanikiwa, hata likiwa dogo kiasi gani. Nyingine ni kumwona mtu anayefanana na wewe akiliweza. Hapa vijana wa kwenye video hawamsaidii mama, wanamkatisha tamaa zaidi. Anayemfaa ni bibi mwenzake wa jumuiya au wa madrasa ya akina mama, mwenye magoti kama yake. Sehemu ya tatu ni maneno ya mtu anayemwamini. Ya nne watu wengi hawaijui, nayo ni jinsi mtu anavyozitafsiri ishara za mwili wake.

Hiyo ya nne kwa mama mwenye presha ni kubwa sana. Ameambiwa moyo wake una matatizo. Akitembea kidogo anausikia unadunda, anaamini ndiyo safari. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba moyo kwenda kasi kidogo ukitembea ndiyo kazi yake. Mimi nawaambia wazee wangu: tembea mpaka uwe unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, hapo ni pazuri, kaa hapohapo. Yakija maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikata hata kuongea huwezi, simama na uonane na daktari. Na kwa sababu ana sukari, aulizie dawa zake kabla ya kuanza. Insulini na baadhi ya vidonge vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi mtu akijitumikisha bila kula.

Sasa hili la kupumzika, na naliandika kwa heshima zote. Huku kwetu mtoto anayempenda mzazi anamvua jembe mkononi. Ni upendo, na mzazi anaupokea kama heshima aliyoichuma kwa jasho. Lakini angalia kilichoondoka pamoja na jembe. Korogwe mama alikuwa ana sababu ya kusimama: kuku wanamsubiri, mboga zinamsubiri, mtu njiani atamwuliza habari za nyumbani. Kinyerezi hakuna kitu kinachomsubiri asimame. Halafu anakuja mtoto na neno "mazoezi", yaani ajichoshe bila mazao. Kwa mtu aliyelima, hilo halina maana, na mimi naona ana haki kuliuliza.

Watafiti wawili, Edward Deci na Richard Ryan, wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ari inayodumu inahitaji mambo matatu: mtu ajiamulie, ajione anaweza, na awe na watu anaoungana nao katika jambo hilo. Mama yako amepoteza yote matatu kwa mkupuo mmoja, kwa kuhama nyumba. Kwa hiyo ningeanza hapo. Mpe kazi iwe yake, na akishaikubali usimfuatefuate. Mchicha na matembele kwenye ndoo zilizotobolewa, ziwekwe juu ya meza asiiname. Kumpeleka mjukuu mpaka dukani na kurudi. Na kila siku, kiti imara, asimame na kukaa polepole bila kujivuta kwa mikono kama anaweza, mwanzoni wewe ukiwa karibu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kupunguza kuanguka. Kusimama na kukaa kwenye kiti ni sehemu ya hayo.

Na mchunge maneno mbele yake. Becca Levy na wenzake walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwafuatilia wazee wa mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, kwa miaka mingi. Waliokuwa wakiuona uzee wao kwa jicho jema waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Sisemi mawazo peke yake yamewapa miaka hiyo. Lakini mama anayesikia kila siku "kaa, utaanguka" anajifunza kujiona mtu wa kukaa.

Nije kwako, maana nahofia utasoma yote haya kwa ajili ya mama halafu wewe ubaki palepale. Kizuizi chako ni hisia ya kuiba muda. Wanawake wa rika lako wananiambia jambo hilohilo kwa maneno tofauti. Wanaume wa rika hilo mara chache wanasema hivyo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinaonyesha watu wazima asilimia 31 duniani hawafikishi kiwango cha kuutumikisha mwili, wanawake asilimia 34 na wanaume 29. Kiwango chenyewe kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Zamani mwongozo ulitaka kila kipande kisipungue dakika kumi. Wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Dakika nne za kupanda ngazi za ofisini zinahesabika. Kushuka daladala kituo kimoja kabla kunahesabika. Huhitaji kuwaibia watoto nusu saa.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, walipata magonjwa ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Hakuna kondakta aliyeamka asubuhi akitafuta hamasa. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi. Ndiyo maana nakushauri ufunge mwendo kwenye kitu ambacho tayari unakifanya, na ukiseme kwa sura hii: "nikishafunga kompyuta ya mchana, nashuka mpaka chini na kupanda kwa ngazi ndipo nile." Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mpango wenye saa na mahali, wa "likitokea hili nafanya lile", unawavusha watu wengi kuliko nia tupu. Na usijipime kwa wiki tatu. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London ulikuta jambo jipya linachukua kama siku 66 kuwa mazoea, wengine 18, wengine walikadiriwa kufika 254, na kukosa siku moja hakukuvunja kitu.

Mumeo kwa kifupi: anajilinganisha na kijana wa miaka 22 ambaye ni yeye mwenyewe. Mwanaume wa hamsini akitoka kwenye kochi moja kwa moja mpaka mechi, paja linachanika, halafu anasoma tukio hilo kama habari kwamba amekwisha. Apate mtu wa rika lake aliyepona jeraha kama hilo, waanze kutembea wakizungumza mpira.

Mdogo wako tusimtwishe mzigo ambao si wake. Anayerekodiwa barabarani hana tatizo kichwani, tatizo liko kwenye kijiwe.

Kocha wa Mbagala

Namuunga mkono mtaalamu, hasa hapo mwisho. Mimi ni kiongozi wa klabu ya jogging huku Mbagala, Jumapili tunatoka alfajiri. Dada, mlete mdogo wako kwenye klabu yoyote ya huko Segerea au Tabata, zipo nyingi. Msichana mmoja akipita kijiweni ni windo. Watu arobaini wenye fulana za rangi moja, wanaimba kama mchakamchaka wa shuleni, kijiwe chote kinasimama kuwapisha. Kwetu wanawake wanakimbia upande wa ndani, wanaume upande wa magari, na mwenye mwendo mdogo kuliko wote anawekwa mbele. Yeye ndiye anayepanga kasi. Hilo la mwisho ndilo linalowarudisha watu wanene na watu wazima, kwa sababu kinachomuua mgeni ni kuachwa nyuma peke yake, watu wanamtazama.

Na nikuambie kitu nilichokiona. Vijana wanakuja kwa ajili ya mwili: kitambi, picha, harusi ya mtu. Wengi wao wanatoweka shughuli ikipita. Wenye umri wa arobaini kwenda juu wanakuja kwa sababu ya ugonjwa, daktari kawatisha. Hao nao hofu ikipoa wanatoweka. Wanaobaki, wa umri wowote, ni wale waliokwisha kufahamiana. Tuna mfuko wa misiba na wa wagonjwa. Mtu asipotokea Jumapili mbili tunampigia, tatu tunakwenda kwake. Anajua akikosekana ataulizwa. Mwishoni mwa 2016 Mheshimiwa Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchi nzima. Siku kama ile inasaidia mtu kuanza. Kubaki ni kwa sababu ya watu.

Mama wa miaka 68 naye tunao wa umri huo, hawakimbii. Wanatusubiri uwanjani tunakomalizia, wananyoosha viungo, wanahesabu kwa sauti. Ukiwanyima kuhesabu wanakasirika.

Mzee wa Ngamiani

Binti yangu wa Kinyerezi, salaam. Mimi nipo Tanga, Ngamiani, nina miaka 73, nilikuwa mwalimu. Nimesoma yote. Nataka kusema neno kwa upande wa sisi wenye umri wa mama yako, maana mnatuzungumzia sana na hatusikiki.

Nilipostaafu wanangu walinikataza baiskeli. Tanga hii, baiskeli ni mguu wa mtu. Nikakaa barazani. Sikuumwa kitu, lakini nilianza kulala mchana, usiku sipati usingizi, na nikawa mtu wa hasira. Aliyenitoa ni rafiki yangu tuliyesoma pamoja. Alikuwa anapita na baiskeli yake kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, anasimama mbele ya baraza, hasemi kitu, anasubiri. Nikaona haya kumfanya mtu asubiri. Tukawa tunakwenda polepole mpaka Raskazone, tunaegesha, tunatazama bahari, tunarudi kunywa kahawa. Wanangu walipoona narudi nacheka waliacha maneno.

Mtu wa umri wangu hajali sana ataishi mpaka lini. Daktari akiniambia "utaongeza miaka" namsikiliza kwa adabu tu. Lakini ukiniambia fulani ananisubiri, nitatafuta viatu. Vijana wanahesabu wakati ulio mbele. Sisi tunachagua nani wa kukaa naye katika huu uliopo. Mtafutie mama yako mtu, si programu.

Mfiziotherapia wa Moshi

Shikamoo baba. Umelisema vizuri kuliko nilivyoweza. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ametafiti jambo hilohilo: mtu anapouona muda wake umekuwa mfupi, huyaweka mbele mahusiano yenye maana kwake na kuyaacha malengo ya mbali. Ndiyo maana vitisho vya magonjwa ya miaka ishirini ijayo haviwagusi wazee, na kwa kweli hata vijana haviwagusi, ila kwa sababu nyingine.

Msomaji wa Kigali

Kuongezea tu kuhusu kijiwe na macho ya watu. Hapa Kigali tangu 2016 kuna Jumapili ambazo barabara kubwa zinafungwa magari asubuhi, siku hizi ni mara mbili kwa mwezi, na watu wote wanatoka: bibi, mtoto, waziri. Mke wangu alikuwa anaona aibu kuvaa trakisuti nje. Siku hizo hakuna wa kumshangaa kwa sababu kila mtu kavaa. Baada ya miezi kadhaa akawa anatoka hata siku ambazo barabara haijafungwa. Aibu iliisha kwa kuzoea kuonekana, si kwa kuambiwa asione aibu.

Dada wa Kinyerezi

Nimerudi, wapendwa. Shikamoo baba wa Tanga, maneno yako nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Jumamosi mume alipokwenda kwenye msiba nilikaa na mama uani, nikamuuliza kama mtaalamu alivyoelekeza. Sikutaja mazoezi. Nilimuuliza, mama, ukitembea mwenyewe unaona nini kitatokea? Alinyamaza kidogo, akasema kuanguka anakuogopa, lakini kuna analoliogopa kupita kuanguka. Akasema, "Nikivunjika nitalala hapa, nyumbani kwa mkwe wangu, nigeuzwe na nioshwe akiwa ukumbini. Bora nikae."

Halafu akaniambia la pili ambalo sikulitegemea. Asubuhi anapenda kuzunguka uwanja, anajisikia mwepesi. Lakini mkwe wake ndiyo muda anaoosha gari. Ataanzaje kunyanyua mikono na kukunja magoti, kanga ikimlegea, mbele ya mume wa mwanawe? Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali, hata meza moja hawali. Kumbe miezi yote hii kochi la sebule ya nyuma ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambapo ana hakika hatakutana naye. Sisi tulikuwa tunapima miguu.

Nimeongea na mume. Ameguswa sana. Amesema gari ataoshea nje ya geti, na saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi uwanja ni wa mama. Mama jirani wa nyumba ya tatu, naye mjane, amekubali kuja muda huo. Ndoo za mchicha mama mwenyewe ndiye aliyechagua zikae wapi, na si pale nilipotaka mimi. Mdogo wangu Jumapili anakwenda Segerea na klabu, mume amesema atamsindikiza kwa miguu mpaka wanapokutanikia. Hajaita hayo mazoezi na mimi sitayaita.

Naomba kuuliza ya mwisho kwa mtaalamu. Viti vyetu vya uani ni vya plastiki, vinafaa? Na avae nini miguuni, maana amezoea kandambili?

Mfiziotherapia wa Moshi

Dada, hilo la mkwe hata mimi nisingelipata kliniki, maana huko mama angekuja na wewe na angenijibu kwa adabu. Nimeliandika kwenye daftari langu, nitaanza kuwauliza wazee wanaishi kwa nani.

Kiti cha plastiki hapana. Miguu yake inapanuka na kinateleza, hasa juu ya marumaru. Tafuta cha mbao chenye mgongo, kiegemee ukuta, na urefu wake mama akikaa nyayo zake zikae chini zote na mapaja yasishuke chini ya magoti. Kikiwa kifupi atashindwa kunyanyuka siku ya kwanza na utakuwa umempa hofu badala ya imani. Kandambili aziache za bafuni, na bafuni kwenyewe weka mkeka wa mpira na chuma cha kushikia kilichofungwa ukutani kwa skrubu. Uwanjani avae viatu vinavyofunga kisigino, soli nyembamba isiyoteleza, raba nyepesi zinatosha. Kanga moja aifunge kiunoni juu ya gauni, isiburuze. Kabla hajaanza mpeleke apimwe presha akiwa amekaa, kisha akishasimama, maana dawa nyingine zinaishusha mtu anaposimama na hapo ndipo kizunguzungu kinapotoka. Dawa zake zote ziwekwe kwenye mfuko mmoja aende nazo.